Vumbi na Kutu: Kazi ya Mwisho ya Reli ya Mfano

Katika nchi za Marekani, Uingereza na Ujerumani wapo watu wazima wengi, wenye kazi zao na familia zao, ambao jioni huinamia meza pana iliyolazwa reli ndogo, stesheni na milima ya plasta. Usiharakishe kucheka. Askari aliyewahi kusimama mbele ya meza ya mchanga, akaonyeshwa mto, daraja na kilima kabla ya kwenda mazoezini, anafahamu kuwa nchi yaweza kutiwa mezani, na kwamba mfano usio wa kweli humpoteza mtu.

Kipimo kinachopendwa mno ni kile cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana kimo cha sentimita 2 hivi, na nafasi baina ya reli mbili ni milimita 16.5. Kulaza reli, kuunga nyaya na kupandisha milima ni kazi ya miezi, pengine ya miaka. Hata hivyo, siku garimoshi linapozunguka kwa mara ya kwanza bila kukwama, fundi hulitazama akaona kuwa bado ni kichezeo. Mabehewa yanang'aa kama sahani mpya. Kuta za stesheni ni kama hazijapata kunyeshewa mvua. Hapo ndipo kazi ya mwisho huanza, na wengi hukomea hapo, kwa kuwa yataka moyo kukichafua kitu ulichokinunua kwa fedha nyingi.

Bwana John Allen, mpiga picha wa mji wa Monterey, California, hakuogopa. Reli yake aliiita Gorre & Daphetid, jina la mzaha ambalo kwa Kiingereza husikika kama maneno yenye maana ya kujaa damu na kushindwa. Alipaka kutu, masizi na vumbi kwa mkono wake, akatega vioo ili mandhari ionekane kuendelea mbali kupita ukuta wa chumba. Tena alikuwa mcheshi: miongoni mwa vyombo vyake vya kusukumia mabehewa alikuwapo mnyama wa kale, stegosaurus, aitwaye Emma!

Kazi yenyewe haihitaji vitu vya anasa. Kokoto za kandokando ya mataruma zaweza kuwa mchanga mkavu uliochekechwa vizuri. Ila pitisha sumaku juu yake kwanza, maana chembe za chuma zikibaki zitavutwa na mota ya injini na kuiharibu. Ukisha kuutandaza, udondoshee gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni. Bila sabuni, maji hujikusanya juu ya mchanga yasipenye. Ubavu wa reli upake rangi ya kutu, kisha futa mara moja sehemu ya juu, kwa sababu umeme hupita hapo kuingia magurudumuni. Fundi akisahau jambo hili dogo, garimoshi lake litasimama njiani.

Behewa nalo hupakwa rangi nyeusi nyepesi sana, brashi ikienda kutoka juu kwenda chini kama mvua itiririkavyo, halafu hufutwa kwa kitambaa. Unga wa chaki wa rangi ya udongo hutosha kwa vumbi la chini.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kunyunyiza uchafu kila mahali kwa kipimo kimoja. Uchafu una sababu zake. Masizi hukaa juu ya mdomo wa handaki, mafuta hudondoka pale injini zinaposimama, na majani hukosekana pale abiria wanapokatisha njia. Nenda stesheni yoyote ukatazame kwa nusu saa kabla hujashika brashi.

Bwana Allen alifariki tarehe 6 Januari 1973. Siku chache baadaye moto ulizuka nyumbani kwake ukateketeza sehemu kubwa ya reli ile. Zimesalia picha zake, ambazo alizipiga kwa kuishusha kamera hadi usawa wa macho ya wale watu wa sentimita 2. Ukizitazama, utaona kutu kwenye mabehewa kwanza, na itakuchukua muda kukumbuka kwamba yote yale yalikuwa ndani ya chumba.