Uvimbe wa Ubongo: Ukali Wake Hupimwaje?

Mtu akiambiwa kwamba ana uvimbe ndani ya ubongo, jamaa zake huanza kulia kana kwamba wamekwisha kumzika. Hatuwalaumu. Lakini uvimbe wa ubongo si wa namna moja: kuna ule ukuao polepole miaka mingi, na kuna ule umwangushao mtu kwa miezi michache. Kwa hiyo waganga hujiuliza kwanza: uvimbe huu una ukali gani?

Shirika la Afya Duniani limepanga ukali huo kwa madaraja manne. Uvimbe wa daraja la 1 ukiondolewa wote kwa kisu, mara nyingi mgonjwa hupona. Ule wa daraja la 4, kama glioblastoma, huenea upesi, na hurudi hata baada ya kukatwa.

Zamani waganga walitegemea macho yao tu. Mwaka 1926, Percival Bailey na Harvey Cushing wa Marekani walitoa kitabu kilichopanga aina za uvimbe huo kwa kufuata sura ya chembe zake chini ya darubini. Kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini sura hudanganya, na waganga wawili wakitazama kipande kimoja waliweza kutoa hukumu mbili.

Ndipo protini zilipoitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1983, huko Kiel, Ujerumani, Johannes Gerdes na wenzake walitangaza kingamwili inayoshika protini iliyomo katika chembe zinazojigawanya, wala haimo katika zile zilizopumzika. Waliiita Ki-67: Ki ni ya mji wa Kiel, na 67 ni namba ya kishimo cha sahani ambamo kingamwili hiyo ilipatikana. Siku hizi kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili hiyo pamoja na rangi, na viini vyenye Ki-67 hugeuka kahawia. Mganga huhesabu: katika viini mia, vingapi vimegeuka? Vikiwa vichache, uvimbe unatembea. Vikiwa vingi, unakimbia. Hata hivyo shahidi mmoja hatoshi kukata shauri.

Shahidi mwingine ni protini iitwayo IDH1. Mwaka 2008 watafiti waligundua kwamba katika uvimbe wa wagonjwa wengine, protini hiyo imebadilika mahali pamoja tu, pa 132, kati ya viungo vyake 414. Wenye badiliko hilo kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wasio nalo. Tangu mwaka 2021, uvimbe wa mtu mzima usio na badiliko hilo, hata ukionekana mpole chini ya darubini, huweza kuwekwa katika daraja la 4, ikiwa alama fulani za urithi zimeonekana ndani yake. Kumbe alikuwa chui katika ngozi ya kondoo!

Tofauti hiyo ndiyo iongozayo matibabu. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu dawa iitwayo vorasidenib kwa uvimbe wa daraja la 2 wenye badiliko hilo. Asiye nalo, kwa kawaida haimfai.

Basi, mtu mzima akianza ghafula kushikwa na kifafa, au kichwa kikimuuma kila asubuhi pamoja na kutapika, tusikae kumtafuta mchawi. Tumpeleke hospitali. Na tukiambiwa ni uvimbe, tusilie kwanza. Tuulize: ni wa daraja gani?