Vihatarishi vya Usonji na Matokeo ya Ukuaji wa Mtoto: Ufafanuzi kwa Kurejelea Tanzania

1.0 Utangulizi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza mapema utotoni. Hutambulika kwa tofauti katika mawasiliano na mahusiano ya kijamii, pamoja na tabia za kujirudiarudia. Tangu Leo Kanner alipoeleza habari za watoto 11 mwaka 1943, maswali mawili yameuandama utafiti wa hali hii: ni nini huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na usonji, na ni nini huathiri namna atakavyokua baadaye. Makala haya yanafafanua kwamba maswali hayo yana majibu tofauti, na kwamba kuyachanganya humgharimu mtoto na familia yake.

2.0 Vihatarishi

Kihatarishi huongeza uwezekano wa hali kutokea. Si lazima kiwe chanzo chake. Kwa muda mrefu lawama zilielekezwa kwa mama, aliyedaiwa kumnyima mtoto upendo. Dai hilo lilidhoofishwa na utafiti wa Folstein na Rutter (1977) uliohusisha jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana, katika jozi 4 watoto wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, haikupatikana hata moja ya namna hiyo. Tafiti zilizofuata zimethibitisha nafasi kubwa ya urithi. Vihatarishi vingine ni umri mkubwa wa wazazi, kuzaliwa njiti, na matumizi ya valproeti, dawa ya kifafa, wakati wa ujauzito. Chanjo haimo: makala ya mwaka 1998 yaliyoihusisha chanjo ya surua na usonji yalifutwa mwaka 2010 na jarida lililoyachapisha.

3.0 Suala la Malaria

Nchini Tanzania, Mankoski na wenzake (2006) walichunguza watoto 20, na 14 kati yao walikidhi vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua kama kawaida hadi miezi 22, 35 na 42, kisha dalili zikajitokeza walipopona malaria kali iliyoandamana na homa na degedege. Kwa wanne wengine, malaria na usonji vilikaribiana kwa wakati, lakini huenda ilikuwa sadfa. Kwa saba waliobaki, uhusiano haukuonekana. Tahadhari hii ina msingi. Malaria kali huwapata watoto katika umri uleule ambao dalili za usonji huanza kuonekana; kwa hiyo kufuatana kwa matukio hakutoshi kuthibitisha chanzo.

Watoto 10 katika kundi hilo walikuwa hawazungumzi. Idadi hiyo yaweza kudokeza ukali wa hali, lakini yaweza pia kudokeza nani hufikishwa kwa wataalamu. Pale huduma zinapokuwa chache, asiyesema hupelekwa hospitalini, ilhali anayesema huitwa mkaidi au mpole na kubaki nyumbani.

4.0 Matokeo ya Ukuaji

Tafiti za ufuatiliaji zinaonesha kwamba matokeo ya baadaye huhusiana zaidi na lugha aliyoipata mtoto kufikia takribani miaka mitano, uwezo wake wa kiakili, na kuwapo au kutokuwapo kwa kifafa. Umri wa wazazi au majira ya kuzaliwa hayawezi kubadilishwa tena. Mawasiliano yanaweza kukuzwa, kwa maneno, ishara au picha, na kifafa kinaweza kutibiwa.

5.0 Hitimisho

Mama anayeulizwa alifanya nini akiwa mjamzito huulizwa jambo lisilomsaidia mtoto aliye mbele ya mhudumu. Swali lenye tija ni namna mtoto anavyowasiliana sasa. Kliniki ya watoto chini ya miaka mitano, ambako mtoto hupimwa uzito na kupewa chanjo, humkuta katika kipindi hichohicho cha lugha. Ikiwa swali hilo litaulizwa hapo, usonji utatambuliwa mapema, kabla ya miaka hiyo kupotea katika kumtafuta wa kulaumiwa.