Anga Nyeupe Isitudanganye

Wazee wetu wa baharini hawakutweka tanga kwa kuutazama uzuri wa maji. Kwanza waliutazama upepo. Nasi watu wa Chamazi, tuzionazo ndege zikielekea Kiwanja cha Julius Nyerere, yafaa tujue kwamba rubani naye ana upepo wake wa kuuhofu, usioonekana kwa macho.

Huo ndio msukosuko wa anga nyeupe. Hutokea juu sana, upepo wa kasi unapopita juu au chini ya upepo wa polepole, au unapovuka mlima mrefu. Hewa hujiviringa kama mawimbi, na ndege ikarushwa ghafula. Wingu hakuna, mvua hakuna. Na rada ya ndege, ambayo huona matone ya mvua, haioni kitu. Tarehe 5 Machi 1966, ndege ya Kiingereza aina ya Boeing 707 ilivunjika karibu na Mlima Fuji, Japani, mbingu zikiwa safi. Watu wote 124 walikufa.

Basi hatari hiyo hutambulikanaje? Katika vituo vingi duniani, kimoja kikiwa Dagoretti, Nairobi, watu hurusha puto kubwa la gesi lililobeba kipimo chenye redio. Hupanda hata kupita kilometa 25, likileta habari za joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Na mwendo wake hufahamisha upepo. Wataalamu hulinganisha tabaka kwa tabaka. Ikiwa upepo unabadilika sana katika kimo kidogo, na utulivu wa hewa hautoshi kuuzuia, hapo hutiwa alama ya hatari. Vituo vya London na Washington hukusanya habari hizo na nyinginezo, wakachora ramani za anga ambazo marubani huzisoma kabla ya kuruka.

Lakini puto hurushwa mara moja au mbili tu kwa siku, na vituo vya Afrika ni vichache. Ramani huonyesha eneo, haitaji dakika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uendapo Hija au kumzuru mwanao Maskati, usiufungue mkanda uketipo, hata taa yake ikizimwa, na mtoto wako naye afungwe wake. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.