Udhaifu wa Dirty COW katika Kiini cha Linux na Simu za Wachimbaji Wadogo
Udhaifu uitwao Dirty COW (CVE-2016-5195) ulikaa ndani ya kiini cha Linux tangu 2007 hadi uliporekebishwa Oktoba 2016. Kwa kawaida, programu inayotaka kubadili faili iliyoruhusiwa kusomwa tu hupewa nakala. Hata hivyo, uzi mmoja ukiandika huku mwingine ukiamuru nakala itupwe, maandishi huweza kuangukia faili halisi. Hivyo programu duni hujitwalia mamlaka yote ya mfumo. Android hutumia kiini hichohicho. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama apokeaye malipo kwa simu, rekebisho lilikuwa, kwa maoni ya mtafiti, nusu ya kazi tu: simu iliyoachwa na mtengenezaji wake hubaki na kiini cha zamani.