Muuguzi ni Mwalimu Pia

Kazi ya muuguzi haiishi katika kutoa dawa na kufunga vidonda. Muuguzi ni mwalimu pia, kwa maana mgonjwa hukaa zahanati kwa muda mfupi, bali nyumbani hukaa siku zote. Lakini kufundisha si kusema tu. Kuna kanuni zake, nazo yafaa zijulikane na wauguzi na hata na wale wanaofundishwa.

Mfano mzuri ni ugonjwa wa kuharisha. Mtoto mdogo anapoharisha, mwili wake hupoteza maji na chumvi. Asiporudishiwa, macho huingia ndani, mwili hulegea, naye aweza kufa upesi. Akina mama wengi wameona ya kwamba mtoto akinywa huharisha tena, basi humnyima maji. Mama huyo si mkatili wala si mpumbavu. Amefuata aliyoyaona kwa macho yake. Lakini kumnyima maji ndiko kunakomwua mtoto.

Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha ya kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kusaidiwa sana kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalum. Dawa ikawa imepatikana. Ikabaki kazi ya kuwafundisha akina mama, na wengi wao hawakujua kusoma.

Kazi hiyo ilifanywa na chama cha BRAC katika nchi ya Bangladesh tangu mwaka 1980 hadi 1990. Walimu wanawake walikwenda nyumba kwa nyumba, wakafikia nyumba zaidi ya milioni 12. Katika kazi yao zaonekana kanuni nne.

Kwanza, mwalimu huanza na vitu ambavyo mwanafunzi anavyo na anavijua. Akina mama wale walifundishwa kupima chumvi kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru kwa konzi moja, na maji karibu nusu lita katika chombo chao wenyewe, kilichotiwa alama.

Pili, maneno yawe machache. Mambo ya kukumbuka hayakuzidi kumi, kwa kuwa aambiwaye mambo mengi kwa mara moja huondoka bila hata moja.

Tatu, mwanafunzi atende kwa mikono yake. Mama mwenyewe alichanganya dawa huku mwalimu akitazama. Baada ya majuma kadhaa wakaguzi walizuru baadhi ya nyumba kuwauliza akina mama, na mshahara wa mwalimu ulitegemea yale waliyoyakumbuka. Hivyo mwalimu hakupimwa kwa wingi wa maneno yake, bali kwa yale yaliyobaki baada ya yeye kwenda zake.

Nne, mwalimu aamini lile analolifundisha. Hapo mwanzo ilionekana ya kwamba wengi waliikumbuka dawa, lakini walioitumia walikuwa wachache. Sababu moja ni kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini. Walipougua walimeza vidonge. Nyingine ni kwamba wanaume hawakuelezwa habari hizo. Basi walimu wakapelekwa hospitali kuona jinsi dawa inavyofanya kazi, na wanaume wakaelezwa misikitini na sokoni.

Siku hizi hapana haja ya kupima kwa vidole, kwa sababu dawa hiyo, iitwayo ORS, hupatikana katika paketi iliyokwisha kupimwa. Tena tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF hushauri mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Lakini kanuni za kufundisha hazikubadilika.

Muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni huuliza, "Mama, umeelewa?" Naye mama hujibu, "Ndiyo, sista." Jibu hilo halina maana kubwa, kwa sababu heshima humzuia mama kusema la. Afadhali muuguzi aseme, "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Hebu nionyeshe utakavyofanya ukifika nyumbani."

Ndipo mama atamimina unga wote wa paketi katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, pasipo kuzidisha wala kupunguza. Atasema ya kwamba atamnywesha mtoto kidogo kidogo. Akitapika, atangoja dakika 10 kisha ataendelea. Hataacha kumnyonyesha na kumlisha. Na dawa itakayobaki baada ya saa 24 ataimwaga. Atasema pia ya kwamba mtoto akishindwa kunywa, akilegea sana, au akitoa damu katika choo, atapelekwa hospitali mara moja.

Akikosea, asikaripiwe, bali aonyeshwe tena naye arudie. Ni heri akosee mbele ya muuguzi kuliko kukosea usiku nyumbani, mtoto akiwa mahututi. Na ikiwa baba au bibi ndiye mwenye kauli katika nyumba, naye aitwe asikilize.

Mama naye asione haya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Muuguzi hapotezi wakati kwa kumjibu. Hiyo ni sehemu ya kazi yake.