Je, Vimelea "Huzoea" Dawa? Maoni Kuhusu Istilahi za Mageuko ya Viumbe

Tatizo kubwa linalomkabili mfasiri wa maandishi ya sayansi si ukosefu wa maneno tu. Aghalabu ni wingi wa maneno ya kila siku yanayoonekana kufaa, kumbe yamebeba maana nyingine. Tatizo hili hujitokeza waziwazi katika somo la mageuko ya viumbe. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja unaojulikana sana katika sehemu zetu, jinsi maneno matatu, yaani kuzoea, idadi na maendeleo, yanavyoweza kumpotosha msomaji.

Mfano wenyewe ni klorokwini. Kwa miaka mingi tembe hizo chungu zilikuwa tegemeo letu dhidi ya malaria. Usugu dhidi yake ulionekana kwanza katika Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaonekana Afrika ya Mashariki. Malawi iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 1993, na Tanzania Bara mwaka 2001. Ukimwuliza mtu kwa nini dawa hiyo iliachwa, yumkini atakujibu: "Wadudu waliizoea." Mwingine atasema: "Miili yetu iliizoea." Kauli hizi huweza kupenya kwa urahisi katika tafsiri ya kijitabu cha afya au katika somo la darasani.

Kuzoea ni tendo la kiumbe mmoja. Mtoto huzoea shule. Mpishi huzoea moshi. Aliyeshindwa jana ndiye huyo huyo anayeweza leo. Sivyo ilivyo kwa vimelea vya malaria. Kimelea huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na kujilisha humo. Chakula hicho huacha mabaki yenye sumu, ambayo kimelea huyageuza yasimdhuru. Klorokwini huingia katika kifuko cha chakula cha kimelea na kuizuia kazi hiyo, hata kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Sasa, kimelea kinapozaliana hunakili jeni zake, na katika kunakili, makosa hutokea mara chache, kama mpiga chapa anavyoweza kukosea herufi. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kuwa wameibainisha jeni moja, iitwayo pfcrt, ambayo mabadiliko yake huiathiri protini iliyo katika ukuta wa kile kifuko. Protini iliyobadilika huitoa dawa nje kabla haijafanya kazi yake. Kosa hilo la kunakili halikufanywa kwa kusudi la kuishinda dawa. Dawa ilipotumika, vimelea visivyo na badiliko vilikufa bila kuzoea chochote. Vile vichache vilivyokuwa nalo vilisalia, vikazaliana, na mbu wakavieneza. Hakuna kimelea kilichojifunza kuishi na dawa. Kilichogeuka ni kundi zima, kizazi baada ya kizazi.

Hapa ndipo neno la pili, idadi, linapoleta utata. Kwa kuwa tumezoea kusema "idadi ya watu", mfasiri huweza kuandika kwamba mageuko ni mabadiliko katika idadi ya viumbe. Msomaji ataelewa kwamba viumbe wameongezeka au wamepungua. Tuchukue vimelea 100, kimoja kikiwa na badiliko na 99 havina. Baada ya vizazi kadhaa vya kutumia dawa, tuseme vimekuwa 99 vyenye badiliko na kimoja kisicho nalo. Idadi ni ile ile mia, lakini kundi si lile tena. Kwa hiyo yafaa tuseme kundi, kwa maana ya viumbe wa aina moja wanaozaliana mahali pamoja, na kinachobadilika tukiite uwiano wa jeni katika kundi hilo.

Neno la tatu ni maendeleo. Wako wanaolitumia badala ya mageuko, kana kwamba kila kizazi hupanda ngazi. Habari za Malawi zinatukanya. Katika sampuli zilizochunguzwa huko, vimelea vyenye badiliko la jeni ya pfcrt vilikuwa asilimia 85 mwaka 1992. Dawa ilipoachwa vilipungua, hata kufikia asilimia 13 mwaka 2000. Matokeo ya utafiti yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba klorokwini imerudi kuwaponya karibu wagonjwa wote waliopewa. Je, vimelea viliisahau dawa? La hasha. Badiliko lile lina gharama yake. Pasipo dawa, kimelea kilicho nalo hushindwa na wenzake wasio nalo. Vimelea vya asili vilivyosalia ndivyo vilivyoongezeka tena. Kama lingekuwa ni maendeleo, lisingerudi nyuma namna hiyo. Mageuko hayana mwendo wa kupanda wala kushuka. Hufuata hali iliyopo.

Limebaki suala la uteuzi asilia. Wengine hulilaumu neno uteuzi kwa kuwa penye uteuzi pana mteuzi, na mtumishi wa serikali anajua vema barua ya uteuzi hutoka wapi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ikumbukwe kwamba Charles Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alianza na kazi ya wafugaji na wakulima wanaochagua mbegu bora, kisha akalinganisha na maumbile. Kwa hiyo istilahi hii na idumu, ila mwalimu aifafanue kwa ungo. Mwanamke anapopepeta mchele, upepo huchukua makapi na kuacha punje. Upepo haukukusudia kitu. Uzito wa kila kimoja ndio ulioamua.

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hizi zina faida nje ya kamusi. Zinayo. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mwili wake umezoea dawa ataibadilisha kwa hiari yake, au ataipumzisha kisha aijaribu tena. Aliyeelewa kwamba dawa huchuja vimelea atajua kwa nini ahimizwe kumaliza dozi, na kwa nini vimelea sugu vilivyo mwilini mwake vyaweza kumfikia jirani kwa njia ya mbu. Ataelewa pia maana ya dawa mseto: ni vigumu zaidi kwa kimelea kimoja kuwa na mabadiliko ya kukikinga na dawa mbili kwa pamoja. Jambo hili si la zamani. Mwaka 2020 huko Rwanda, na mwaka 2021 huko Uganda, watafiti walitangaza kuonekana kwa vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini, ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazozitegemea.

Kwa hiyo tunapendekeza badiliko la jeni kwa kosa la kunakili linalotokea katika kiumbe mmoja. Uteuzi asilia kwa mchujo. Mageuko kwa kugeuka kwa kundi. Na usugu kwa matokeo yake juu ya dawa. Na pale mfasiri anapotaka kuandika "vimelea vimezoea dawa", aandike: "Dawa imeua vimelea dhaifu, na vilivyo sugu vimebaki na kuzaliana." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini ni ya kweli.