Je, Wajua? Paundi Tano za Hewa na Pistoni Iliyotoboka

Je, wajua kwamba pikipiki moja ya theluji, ile yenye ski mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma, inavuta hewa ya kuwatosha watu karibu 1,000? Injini ya cc 850 ya mapigo mawili, inayovuta hewa kila mzunguko, ikizunguka mara 8,000 kwa dakika inameza kama lita 6,800 za hewa kila dakika. Wewe hapo ulipokaa, ukipumua taratibu, unatumia lita 7 hivi!

Na wenye mbio wanasema haitoshi! Wanaifungia turbo, kifaa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa zaidi kwenye silinda. Haya, kisia inazunguka mara ngapi kwa dakika. Elfu kumi? Panda. Elfu hamsini? Panda tena! Inaweza kupita 150,000, yaani mara 2,500 kwa sekunde moja.

Unadhani ni uvumbuzi wa juzi? Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya turbo mwaka 1905. Joseph-Armand Bombardier, Mkanada aliyekuja kutuletea pikipiki ya theluji ya Ski-Doo mwaka 1959, alikuwa hata hajazaliwa!

Sasa sikia ya Pikes Peak, mlima wa Colorado nchini Marekani wenye mita 4,300. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha kileleni injini ya ndege aina ya Liberty. Kule chini ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 350. Juu mlimani, kwenye hewa nyembamba, ikabaki na 230. Akaifungia turbo. Ikatoa 356! Injini ilipata nguvu nyingi kileleni kuliko ilizokuwa nazo bondeni.

Hii inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo sogea karibu. Usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa paundi 14.7 kila inchi ya mraba. Panda mita 3,000, zinabaki 10 na kidogo. Maana yake paundi 4.5 za kwanza za turbo huko milimani haziongezi kitu. Zinarudisha tu ulichonyang'anywa na mlima! Geji ikisoma 6 kule juu, injini inapata jumla ya paundi 16 hivi. Geji ikisoma 6 ileile usawa wa bahari, jumla inafika karibu 21. Namba moja, mizigo miwili tofauti kabisa! Ndiyo maana ukimwuliza fundi wa mbio kikomo salama ni paundi ngapi, naye atakuuliza kwanza unakimbilia wapi.

Kiwanda chenyewe kinalijua hilo. Ski-Doo Summit 850 ya toleo la 2020 ilikuwa pikipiki ya theluji ya kwanza ya injini ya mapigo mawili kutoka kiwandani ikiwa na turbo. Nguvu zake? Farasi 165. Na nduguye asiye na turbo je? 165 vilevile! Hawakuongeza hata farasi mmoja. Kazi ya turbo ilikuwa kuzilinda hizo 165 zisipotee mpaka mita 2,400 juu.

Na kama injini haikuzaliwa na turbo, nawe hutaki kuifungua uiimarishe ndani? Turbo za kujifungia kwa ajili ya milimani, kwa petroli ya kawaida, mara nyingi hupangwa kati ya paundi 5 na 8 tu. Usizidharau! Usawa wa bahari, paundi 5 ni theluthi nzima ya hewa ya ziada.

Theluthi hiyo iliwahi kuwatoa jasho wahandisi wa Marekani. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962, moja ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo, iliishia paundi 5. Hata hizo tano zilihitaji dawa: chupa ya maji na methanoli iliyonyunyiziwa ndani ya injini ili isigonge! Wenye magari wengi walikuwa wakisahau kuijaza.

Kwani injini ikigonga kuna nini? Shika hii. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, na moto unaowaka juu ya pistoni ya alumini unapita nyuzi 2,000! Inapona kwa sababu ina utando mwembamba mno wa gesi iliyopoa kidogo, na joto lake linakimbilia kwenye kuta za silinda. Presha ikizidi, petroli inajilipukia yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na mawimbi ya mlipuko yanauchana ule utando. Sekunde chache tu, pistoni ina tundu.

Petroli inayoandikwa 91 kwenye pampu za Marekani, je, ni dhaifu kuliko 95 ya Ulaya? Hata! Karibu ni moja. Wamarekani wanachukua wastani wa vipimo viwili vya okteni, yaani uwezo wa petroli kutojilipukia, Wazungu wa Ulaya wanaandika kimoja, kile kikubwa.

Je, wajua baridi inaongeza hewa kimyakimya? Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kwa robo nzima kuliko ya nyuzi 30 za joto. Turbo haijaguswa, geji haijasogea, na injini inadai petroli zaidi. Usipoipa, inagonga! Turbo nayo inapika: ikishindilia hewa ya nyuzi 20 mpaka presha iwe maradufu, hewa hiyo inatoka ikiwa imepita nyuzi 100. Hapo ndipo inapohitajika intakula, rejeta ya hewa.

Na rejeta ya maji ya pikipiki hizi inapozwa na nini? Theluji! Mkanda wa nyuma unairusha juu kwenye mabomba yaliyo chini ya kiti. Ukipita kwenye barafu tupu injini inachemka, kwa hiyo madereva wanateremsha vyuma vyenye ncha vikwaruze barafu na kuirusha juu.

Unataka kuona kikomo cha presha kikivunjwa kwelikweli? Mwaka 1986 BMW iliendesha Formula 1 kwa injini ya cc 1,500 yenye presha iliyopita bar 5 (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya usawa wa bahari). Ilikadiriwa kutoa zaidi ya farasi 1,300, na bloku yake ilitokana na ya magari yao ya kawaida ya barabarani! Injini ya kusakia nafasi ya kuanzia ilidumu mizunguko michache tu ya uwanja. Mwaka 1988 presha ikawekewa kikomo cha bar 2.5, na 1989 turbo zikapigwa marufuku.

Lakini wajua kuna namna ya kushindilia hewa bila turbo yoyote? Bomba la ekzosi lililotuna katikati, unaloliona kwenye injini za mapigo mawili, linarudisha wimbi la presha na kuisukuma hewa mbichi iliyokuwa inatoroka irudi ndani ya silinda. Aliyelifikisha mbali ni Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye maroketi ya Peenemünde. Mwaka 1961, baada ya mbio za Sweden, dereva wake Ernst Degner alitoroka, akajiunga na Suzuki ya Japani akiwa na siri zote kichwani. Mwaka uliofuata tu, Degner na Suzuki walikuwa mabingwa wa dunia wa cc 50!